Fundi wa fidla masikio yamepungua na onesho la Idd linakaribia: tufanyeje?

Barua

Assalaam alaykum, Mwalimu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha taarab cha kijiji kimoja cha Kusini Unguja, na kazi yangu ya kila siku ni kusomesha skuli ya msingi. Katika kikundi chetu hakuna hata mtu mmoja anayeishi kwa muziki. Wapigaji wetu ni wavuvi, maseremala, dereva wa daladala na mlinzi wa hoteli, na waitikiaji wetu wengi ni kinamama wanaolima mwani. Tuna fidla tano, ganuni moja, udi, kodiani moja ya zamani, chelo ambayo hatujapata mtu wa kuimudu vizuri, dumbaki, yaani ngoma ndogo, na rika, yaani tari dogo. Kila mwaka tunafanya maonesho mawili katika kiwanja cha skuli, moja Idd el-Fitri na jingine Idd el-Haji, na watu hutoka hata vijiji vya jirani kuja kutusikiliza.

Fidla ya kwanza hupigwa na mzee ambaye ndiye aliyekianzisha kikundi hiki wakati wengi wetu hatujazaliwa. Kijiji kizima humwita Fundi, nami humwita Babu, kwa kuwa ni ndugu wa marehemu babu yangu mzaa baba. Nyimbo zetu nyingi ni yeye aliyezitia sauti, na hakuna hata moja iliyoandikwa popote, kwani zote zimo kichwani mwake na katika vidole vyake. Ndiye pia aliyenishikisha upinde kabla sijaenda kusoma muziki mjini, kwa hiyo haya ninayoyaandika ninayaandika kwa uzito mkubwa.

Masikio yake sasa yamepungua. Fidla yake huanza sawa na wenzake, lakini kadiri usiku unavyokwenda hupanda juu ya sauti ya wengine, na kwa kuwa yeye ndiye kiongozi, vijana wawili wanaokaa nyuma yake humfuata, ilhali mwenye ganuni na mwenye kodiani hubaki pale pale walipo. Katika onesho la Idd el-Fitri iliyopita, tulilolifanya baada ya mwezi mzima bila mazoezi kwa ajili ya Ramadhani, mwimbaji wetu hakujua amfuate nani, akapotea katikati ya ubeti. Watu walianza kuzungumza wakati wimbo unaendelea, wengine wakaondoka mapema, na waliotoka mbele kutunza walikuwa wachache sana kuliko kawaida.

Baada ya hapo vijana walikutana peke yao wakaja na pendekezo. Wanataka tununue kinanda cha umeme, tumlete kijana mmoja anayepiga na kikundi cha taarab ya kisasa mjini, tubakishe fidla moja tu, na Fundi afanywe mlezi wa kikundi mwenye kiti chake cha heshima mbele ya watazamaji. Wazee waliposikia walikasirika na kusema kuwa anayemgusa Fundi ameligusa kundi zima. Mwenyekiti amenyamaza. Vijana watatu wamesema hawatakuja mazoezini mpaka wapewe jibu, na mmoja wa waliobaki amenishauri tumwambie fundi mitambo aizime maikrofoni ya Fundi kimyakimya usiku wa onesho, ili yeye apige na asisikike.

Idd el-Haji inakaribia. Mwalimu, je, tukubali kinanda? Na kama hatukubali, ni nani amwambie Babu, na amwambie nini, bila ya kumvunja moyo mtu ambaye kama si yeye sisi tusingekuwepo?

Katibu wa kikundi, Kusini Unguja

Jibu

Waalaykum salaam, Bi Katibu.

Katika mvutano wenu mambo mawili yamefungwa pamoja kiasi kwamba hakuna hata moja linaloweza kuzungumzwa. Moja ni heshima ya mzee, na la pili ni usawa wa sauti za ala. Kila anayetaja la pili huonekana amelivunja la kwanza, na ndiyo maana mwenyekiti amenyamaza. Ushauri wangu ni kwamba myatenganishe, na muanze na hili la sauti, kwa sababu nikiisoma barua yako sioni kwamba kosa lote ni la Fundi.

Hukunieleza ala zenu hulinganishwa saa ngapi na kwa kufuata ala ipi, nami nachelea kwamba hamna utaratibu. Kikundi chenye kodiani kina kiongozi mmoja tu wa sauti, nayo ni kodiani yenyewe, kwa sababu vile vijisahani vyake vya chuma vinavyotikiswa na upepo haviwezi kukazwa wala kulegezwa usiku wa onesho, na kwa hiyo wengine wote lazima waifuate. Ninaona siku hizi vijana hulinganisha fidla kwa programu ya simu. Programu hiyo hupima sauti ya La kwa mitikisiko 440 kwa sekunde, na kodiani ya zamani aghalabu imekwishahama hapo, ikawa juu kidogo au chini kidogo. Basi ikiwa vijana wamefuata simu, mwenye ganuni amefuata kodiani, na Fundi amefuata kumbukumbu ya sikio lake, mmekwishapanda jukwaani na sauti tatu mbalimbali kabla hata bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia onesho, haijaanza, na hapo hakuna mwimbaji asiyepotea.

Ganuni ndiyo inayotaka muda mrefu kuliko ala zote. Ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu, na daraja lake limekaa juu ya ngozi ambayo hulegea na kukaza kwa unyevu wa hewa, na miaka hii Idd zenu zote mbili zinaangukia ndani ya masika au karibu nayo. Mpigaji wake asiilinganishe nyumbani alasiri kisha akaibeba hadi kiwanjani, bali akae nayo pale pale itakapopigwa, baada ya sala ya Magharibi, wakati kiwanja bado kimya, na kodiani ikimpa sauti. Baada yake zije fidla, moja moja, huku wengine wote wamenyamaza, kisha udi na chelo. Halafu, na hili ndilo ambalo vikundi vingi vya vijijini hulipuuza, mrudie kulinganisha kila baada ya nyimbo tatu. Nyuzi zilizokazwa kabla ya Isha hazibaki zilivyo hadi saa tano usiku, na huenda kuhama huku ambako mnamhesabia Fundi peke yake kunatokea katika ala zote, kila moja ikielekea upande wake. Mshereheshaji anaweza kuwashughulisha watu kwa kuwasomea shairi la wimbo unaofuata, na watazamaji wenu, ambao wanakuja kwa ajili ya maneno kama wanavyokuja kwa ajili ya sauti, hawataona kwamba wamesubirishwa.

Kuna jambo jingine ninalokuomba ulichunguze wewe mwenyewe, kwa kuwa una elimu yake. Sikiliza ni katika nyimbo zipi hasa Fundi anaonekana amepanda. Kama ni nyimbo za Bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, huenda anachokipiga ni sahihi kuliko mnavyodhani. Sauti ya pili ya ngazi ya Bayati hukaa katikati ya vitufe viwili vya kodiani, na mzee aliyejifunza kwa kusikiliza santuri za Misri huipeleka pale ilipozoeleka, wakati kodiani haina namna ila kuipiga chini zaidi. Kwa sikio la kijana aliyekulia na kinanda, mzee huyo amepanda, lakini kwa sikio la aliyezoea maqamu, kodiani ndiyo iliyoshuka. Nyimbo za namna hiyo zina dawa rahisi, nayo ni kumwomba mwenye kodiani anyamaze katika sauti hiyo moja, au aiachie fidla na udi sehemu nzima. Sisemi kwamba hii ndiyo sababu ya matatizo yenu yote. Ninasema tu kwamba mzee asihukumiwe kwa kosa ambalo huenda ni la ala.

Tukishaondoa hayo, kitakachobaki ni upungufu wa masikio, nao hauna aibu. Umri unapokwenda, sauti za juu ndizo huanza kupotea, na hizo ndizo sauti za nyuzi nyembamba za fidla. Kelele inapozidi, mwenye masikio mazito hupoteza zaidi kuliko mwingine. Kwa hiyo tazameni mahali anapokaa. Nimeona vikundi vingi vinavyowaweka wapiga fidla mbele ya dumbaki na kando ya spika kubwa zilizoelekezwa kwa watazamaji, na anayekaa hapo husikia mapigo na mvumo, hasikii sauti ya wenzake. Mkalisheni Fundi ubavuni mwa kodiani, upande wa sikio lake lenye nafuu, dumbaki zihamie upande wa pili wa jukwaa, na kama fundi mitambo ana spika ndogo ya ziada, iwekwe sakafuni ikimwelekea yeye na waimbaji. Haya yote yanaweza kufanywa kwa ajili ya kundi zima bila ya kutaja jina la mtu.

Vilevile jamaa zake, na wewe umo miongoni mwao, mumpeleke hospitali akapimwe masikio. Wazee wengi huchukulia kwamba kutosikia ni sehemu ya uzee na hawaendi kutibiwa, kumbe wapo ambao sikio limezibwa na nta tu na huondolewa kwa muda mfupi. Safari hiyo iwe ya mjukuu na babu yake. Isiwe ya kikundi, wala isitajwe kikaoni.

Sasa nije kwenye lile unaloliogopa, yaani nani amwambie na amwambie nini. Si wewe, ingawa wewe ndiye unayempenda zaidi, kwa sababu wewe ni mjukuu na pia ni mwanafunzi wake, na neno la namna hii likitoka kwa mtu aliyefundishwa naye litamlazimu ama akasirike ama akubali kwa unyonge. Wala wasiwe vijana. Mwenyekiti naye aliyeshindwa kusema mbele ya kikao hatalisema vizuri zaidi faraghani. Mtafute rika lake, mtu waliyepiga pamoja zamani au aliyeimba naye, awe bado yumo kikundini au amekwishastaafu, aende nyumbani kwake baada ya Alasiri, wawe wawili tu. Asiende na uamuzi, aende na ombi. Amweleze kwa ukweli kwamba usiku wa Idd sauti zilipishana, kwamba mwimbaji alipotea, na kwamba kikundi kinataka kupanga upya jinsi nyimbo zinavyoongozwa, na kinamhitaji yeye apange. Asimfiche kwamba masikio yametajwa. Mzee aliyepiga fidla miaka yote hiyo anajua zaidi kuliko ninyi kwamba kuna kitu kimebadilika, na kinachomuumiza zaidi huenda ni kuwaona watu wanazungumza pembeni na kunyamaza anapokaribia.

Ombi lenyewe liwe hili. Katika onesho lijalo kila wimbo uwe na kiongozi wake wa fidla, kwa zamu, na zamu hizo ziwahusu watu wote watano. Fundi aongoze nyimbo mbili au tatu alizozitia sauti yeye mwenyewe, zile ambazo vidole vyake vinazijua hata pasipo msaada wa sikio, nazo ziwekwe mapema usiku, ala zikiwa zimetoka kulinganishwa na yeye hajachoka. Na kabla ya wimbo wake wa kwanza apige taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, peke yake. Bi Katibu, nakuomba ulizingatie sana hili la taksimu. Katika wimbo, ala zote za sauti hufuata njia moja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, na hapo tofauti ndogo ya mmoja huwavuruga wote. Katika taksimu hakuna wa kumfuata wala wa kupishana naye, na fidla huwa peke yake na kimya cha watu, ikizunguka katika maqamu kwa mwendo anaoutaka mpigaji. Ile elimu yake ya miaka mingi, ambayo katika kundi sasa inaonekana kama tatizo, hapo ndipo itasikika ilivyo, na vijana wanaotaka kumpa kiti cha mlezi watasikia kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekiweza.

Kisha anzeni kazi ambayo ilipaswa kuanza zamani, ya kuziandika na kuzirekodi nyimbo zake. Wewe umesoma nota, na simu zenu zinarekodi vizuri. Kaeni naye kibarazani, wimbo mmoja kwa kikao kimoja, maneno yaandikwe kwa mizani na vina vyake, sauti irekodiwe kwanza kwa fidla yake peke yake na kisha kwa yeye kuimba, na umuulize shairi ni la nani, sauti aliitia lini na kwa tukio gani. Hili lisifanywe kama namna ya kumliwaza. Mzee akiondoka leo kikundi chenu kitabaki na fidla tano na nusu ya nyimbo, na hilo ni hatari kubwa zaidi kwenu kuliko onesho moja lililoharibika.

Akikataa yote hayo je? Basi apige, na onesho liendelee naye. Mtakuwa mmekwishalinganisha ala, mmempanga mahali pazuri, na mmewafundisha wale vijana wawili wa nyuma kuifuata kodiani badala ya upinde wake, na onesho litakuwa bora kuliko lililopita hata kama halikukamilika. Lakini lile la kuizima maikrofoni kimyakimya msilifanye kabisa. Kijijini hakuna siri ya namna hiyo inayolala. Siku ya pili mtoto atamwambia mwenzake, na kufikia Ijumaa habari itamfika mwenyewe msikitini, naye atakuwa amedhalilishwa mbele ya watu waliokuja kumpigia makofi. Kama sauti za fidla ni kali mno katika spika, wekeni maikrofoni moja kwa fidla zote tano, isogezwe nyuma kidogo, na kila mtu ajue kwamba ndivyo ilivyowekwa.

Kuhusu kinanda, jibu langu ni kwamba msikinunue kwa sasa, nami sina chuki na taarab ya kisasa, ambayo ina mafundi wake na raha yake. Ninapinga mabadilishano mliyopendekezewa. Kinanda kimoja kikichukua nafasi ya fidla nne, watu wanne wamepoteza sababu ya kuja mazoezini, na pamoja nao mmewapoteza wake zao, mama zao, majirani na watoto wao, ambao ndio sehemu kubwa ya watazamaji wenu. Watu hawatoki vijiji vya jirani kuja kusikia kile wanachoweza kukisikia katika harusi yoyote ya mjini kwa spika kubwa zaidi. Hutoka ili kumwona seremala wao na dereva wao wamekaa jukwaani wakipiga kwa nidhamu kitu kigumu na kizuri. Vikundi vikongwe vya mjini vilijengwa hivyo hivyo. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, ambacho chanzo chake ni mwaka 1958, vilikuwa vyama vya watu waliokutana jioni baada ya kazi zao, wakajifunza ala kwa kufundishana, na uanachama huo ndio uliovifikisha hadi leo. Na vijana wakisema kwamba kijiji hakina budi kuiga mji, wakumbusheni kwamba mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa kijijini, Fumba, na kwamba mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi santuri alikuwa amekwishaufundisha mji wenyewe kuipenda taarab ya Kiswahili, ilhali kabla yake taarab ilikuwa ikiimbwa zaidi kwa Kiarabu. Ikiwa siku moja mtapata kinanda cha msaada, kikaribisheni kishike nafasi ya besi ambayo chelo yenu haijaweza kuishika, na mpigaji wake akipandishe au akishushe kidogo mpaka kilingane na kodiani.

Hata hivyo vijana wana hoja moja ya kweli ambayo wazee hawakuisikia. Wanataka sehemu ya onesho iliyo yao. Ninadhani pia kwamba onesho lenu ni refu kuliko uwezo wenu, maana kikundi chenye nyimbo saba zilizoiva hakina haja ya kupiga kumi na tano. Pigeni zile saba kwa utulivu, watu wakiwa wamekaa, kisha muwape vijana saa ya mwisho kwa kidumbaki, ile taarab ndogo ya kuchezesha: fidla moja, sanduku la besi, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, cherewa za kutikisa na mkwasa wa vijiti, na watu wasimame wacheze. Ni muziki wetu wenyewe, gharama yake ni ndogo, mmoja kati ya wale watatu waliogoma anaweza kupewa jukumu la kuuongoza, na kwa kuwa kazi yake ni kuchezesha, wasikilizaji hawatauchunguza kama wanavyoichunguza bashrafu. Fedha za kutunza za sehemu zote mbili ziingie katika sanduku moja, na jambo hilo litangazwe kabla, kwa sababu vikundi vingi huvunjika hapo.

Limebaki suala la mazoezi. Mwezi wa Ramadhani ala hunyamaza, na hivyo ndivyo inavyopasa, lakini haifai tena kuweka onesho kubwa siku chache baada ya kimya cha mwezi mzima. Idd el-Haji ni tarehe 10 ya Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, kwa hiyo mnao Mfungo Mosi na Mfungo Pili wote wa kujiandaa. Lifanyeni hilo kuwa onesho lenu kuu kila mwaka, na Idd el-Fitri ibakie na mkusanyiko mdogo wa nyimbo mlizozizoea, zilizopigwa Shaabani nzima. Msilazimishe watu wote kuja siku zote. Kinamama wanaolima mwani huchoka sana wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali na kazi kuwa nyingi, na hao ndio waitikiaji wenu, basi mazoezi ya kuitikia yawekwe siku za maji mafu. Wavuvi wanaofuata dagaa wako baharini usiku wa giza na hupumzika mbaamwezi, basi mazoezi ya ala yawekwe mbaamwezi. Wiki ya mwisho ndiyo wote wakutane, kiwanjani, saa zile zile za usiku ambazo onesho litafanyika, na kila mtu akae mahali atakapokaa siku yenyewe.

Orodha ya nyimbo isiandikwe wala kubandikwa kabla ya rika la Fundi kwenda kuzungumza naye, maana akiiona orodha iliyomgawia nyimbo mbili bila ya yeye kushauriwa, hakutakuwa tena na mazungumzo ya kufanya. Mwombeni mzee huyo aende wiki hii. Wale vijana watatu wapelekewe habari siku hiyo hiyo kwamba saa ya kidumbaki ni yao, na kwamba wanatakiwa mazoezini.